MWANGA, KIVULI NA UKWELI WA PICHA: UANGAZAJI JUMUISHI KATIKA USAWIRI WA KOMPYUTA WA MANDHARI YA TABORA NA NJIA YA MISAFARA

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna kompyuta inavyokokotoa mwanga inaposawiri mandhari, hususan mwanga usiotoka moja kwa moja kwenye jua bali uliokwisha kuakisiwa na mbingu, ardhi, kuta na majani. Mifano yote imechukuliwa Tabora na katika njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Makala yanapendekeza istilahi kadhaa za Kiswahili za taaluma hii, na kujenga hoja kwamba kila kipimo cha mwanga anachokichagua msawiri ni dai kuhusu mahali, majira na saa. Katika usawiri wa historia, dai hilo lapaswa kuhojiwa kama linavyohojiwa dai lolote lililoandikwa.

1.0 UTANGULIZI

Mandhari ya kihistoria husawiriwa siku hizi kwa kompyuta kwa ajili ya makumbusho, filamu na vitabu vya kufundishia. Msawiri huanza na umbo la ardhi. Kwa Afrika Mashariki umbo hilo hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa chombo cha anga cha Marekani kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa rada mnamo Februari 2000, na vipimo hivyo, vilivyopangwa kwa hatua za meta 30 hivi, hutolewa bila malipo. Juu ya umbo hilo msawiri hupanda miti, hujenga nyumba, huweka watu, kisha huweka jua. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Umbo likiwa sahihi na mwanga ukiwa na kasoro, mtazamaji ataona kitu kisichoaminika ingawa hataweza kutaja kasoro hiyo. Mwanga ukiwa mzuri lakini si wa mahali pale wala wa saa ile, hatari ni kubwa zaidi, kwani mtazamaji ataamini jambo ambalo halikuwapo.

Tabora ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa suala hili. Mji huo uko kwenye latitudo ya digrii 5 hivi kusini mwa ikweta, katika uwanda wenye mwinuko wa meta 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara: njia moja ilielekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze mnamo Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, na tembe lililojengwa upya hapo ni makumbusho hadi leo. Pembe za ndovu, nguo, shanga na watu waliotekwa walipita katika njia hiyo. Kwa hiyo anayesawiri mandhari ya Tabora hasawiri nyika tu, bali mahali penye kumbukumbu nzito.

2.0 SUALA LA ISTILAHI

Kabla ya kueleza utaratibu wenyewe hatuna budi kukubaliana juu ya maneno. Dhana kuu ya makala haya, ikitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ingetupa 'mwangaza wa dunia nzima', tafsiri ambayo inapotosha. Kinachokusudiwa si sayari ya dunia, bali ukokotoaji unaojumuisha mwanga wote uliomo katika mandhari, ule ufikao moja kwa moja na ule uliopitia vitu vingine. Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi *uangazaji jumuishi*. Kinyume chake ni *uangazaji wa moja kwa moja*, ambao huhesabu tu njia ya mwanga kutoka katika chanzo hadi kwenye kitu.

Kiswahili kina hazina nyingine inayofaa kutumiwa hapa. Wazungumzaji wengi hutumia *kivuli* na *uvuli* kama visawe. Tunapendekeza kwamba katika taaluma hii maneno hayo yatenganishwe. *Kivuli* kiwe umbo linalochorwa chini na kitu kilichozuia miale ya jua: kivuli cha mtu, kivuli cha mwembe. *Uvuli* uwe hali ya mwanga iliyopo ndani ya eneo hilo. Kivuli hufuata kanuni za jiometri, na kompyuta hukipata kwa urahisi. Uvuli hutokana na mwanga wote uliorudi kutoka pande zote, na ndio unaohitaji uangazaji jumuishi. Mtu aketiye chini ya mwembe adhuhuri hayumo gizani. Humwona mwenzake, husoma barua, hutambua rangi ya kanga. Mwanga huo umetoka wapi, ilhali jua limezibwa? Swali hili ndilo kiini cha taaluma nzima.

3.0 HISTORIA FUPI YA NADHARIA

Mwaka 1980 Turner Whitted alichapisha njia ya kufuata miale kinyumenyume, kutoka katika jicho la mtazamaji hadi kwenye kitu, na kutoka hapo hadi kwenye kioo, maji au taa. Njia hiyo ilisawiri vizuri vitu ving'aavyo, lakini uvuli wake ulijazwa kwa kiasi kimoja kisichobadilika cha mwanga wa kubuni. Mwaka 1984 Goral na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha namna ya kukokotoa mwanga unaopokezanwa baina ya kuta zisizong'aa, hata rangi ya ukuta mmoja ikaonekana kwenye ukuta wa jirani. Mwaka 1986 James Kajiya aliziweka njia zote hizo chini ya mlinganyo mmoja.

Mlinganyo wa Kajiya waweza kuelezwa kwa maneno. Mwanga unaotoka mahali fulani kuelekea kwenye jicho ni jumla ya mambo mawili: mwanga unaozalishwa na mahali penyewe, kama vile moto au taa, na mwanga unaofika hapo kutoka kila upande, ukiwa umepunguzwa kwa kadiri ya mwinamo wake na uwezo wa mahali hapo wa kuakisi. Ugumu umo katika maneno 'kutoka kila upande'. Ili kujua mwanga unaofika ukutani kutoka ardhini, ni lazima kwanza kujua mwanga unaotoka ardhini, na huo nao hutegemea ukuta. Kila kimoja kinamdai mwenzake.

Kompyuta huukata mzunguko huo kwa kuchukua sampuli. Mnunuzi wa mpunga hamwagi gunia zima ili ajue ubora wake. Huchoma gunia kwa bambo mahali kadhaa, akatazama punje zilizotoka, akakisia zilizobaki. Vivyo hivyo programu hutuma miale michache kwa kubahatisha, hutazama kila mmoja umekutana na nini, kisha hukadiria jumla. Akichoma mara moja tu, mnunuzi aweza kudanganyika. Akichoma mara nyingi hukaribia ukweli, lakini hutumia muda mrefu. Takriban vipimo vyote vya uangazaji jumuishi ni njia za kuamua gunia lichomwe mara ngapi na wapi.

4.0 VIPIMO VIKUU NA MAANA YAKE

4.1 Idadi ya miakisiko

Kipimo cha kwanza huiambia kompyuta ifuatilie mwanga hadi uakisiwe mara ngapi. Wengi huamini kwamba idadi kubwa ni bora siku zote. Hesabu ndogo yaonyesha kwamba jibu hutegemea mahali. Tuchukue chumba kilichofungika chenye kuta za udongo ambazo huakisi robo ya mwanga uzifikiao. Mwanga wa vizio 100 ukiingia, mwakisiko wa kwanza hubakisha 25, wa pili 6.25, wa tatu takriban 1.6. Tukisimama katika mwakisiko wa tatu, tunakuwa tumekwisha kuhesabu zaidi ya asilimia 99 ya mwanga wote. Sasa tuchukue chumba cha nyumba ya mawe ya pwani, chenye kuta za chokaa mpya zinazoakisi asilimia 80. Humo mwakisiko wa kwanza hubakisha 80, wa pili 64, wa tatu 51.2. Tukisimama hapo, tumehesabu asilimia 59 tu ya mwanga wote, na chumba kitaonekana cheusi kuliko kilivyo.

Kwa hiyo msawiri aliyezoea vyumba vya chokaa vya Bagamoyo akiyahamisha mazoea yake hadi Tabora hapati hasara isipokuwa ya muda. Aliyezoea matembe ya Unyanyembe akihamia pwani na vipimo vyake vilevile atazitia giza nyumba za watu. Aidha, katika nyika iliyo wazi sehemu kubwa ya mwanga hurudi angani baada ya mwakisiko wa kwanza au wa pili, kwa hiyo miakisiko michache hutosha.

4.2 Idadi ya sampuli

Sampuli zikiwa chache, picha hutokea na chengachenga, mfano wa zile za televisheni isiyopata mawimbi vizuri. Ili kupunguza chengachenga kwa nusu, haitoshi kuzidisha sampuli mara mbili. Sharti zizidishwe mara nne, na kuzipunguza hadi robo kunahitaji sampuli mara 16. Kanuni hii, itokanayo na takwimu, ndiyo iwakatishayo tamaa wanafunzi wenye kompyuta dhaifu. Ni vema ieleweke kwamba chengachenga hazienei sawa katika picha. Uwanja ulio juani hukamilika mapema, kwa sababu mwanga wake mwingi hutoka upande mmoja unaojulikana. Ndani ya tembe lenye mlango mmoja mdogo, miale mingi iliyotumwa kwa kubahatisha haiupati mlango. Dawa iliyo bora ni kuielekeza programu itume sampuli nyingi kuelekea mlangoni, kuliko kuongeza sampuli za picha nzima.

4.3 Undani wa hifadhi ya mwanga

Programu nyingi za mandhari hazikokotoi mwanga uliokwisha kuakisiwa kwa kila nukta ya picha. Huukokotoa katika vituo vilivyotawanywa, huuhifadhi, kisha hukisia mwanga wa nafasi zilizo kati ya vituo hivyo. Kipimo cha undani huamua vituo vikae karibu kiasi gani. Vikiwa mbali mno, hutokea kasoro mbili. Ya kwanza ni mabaka, yaani madoa mapana ya mwanga na giza yasiyo na sababu. Ya pili ni uvujaji: mwanga wa nje hujitokeza ndani ya nyumba kana kwamba ukuta umetoboka, kwa kuwa kituo kilicho nje kimetumiwa kukisia mahali palipo ndani. Kasoro ya pili hutokea zaidi pale ambapo ukuta ni mwembamba kuliko nafasi iliyo baina ya vituo. Kuta nene za tembe hustahimili jambo hili kuliko ua wa miti au kibanda cha nyasi cha kambi ya wapagazi. Tena undani ukizidishwa bila kuongeza sampuli katika kila kituo, mabaka hayaondoki, bali huwa madogo na mengi zaidi. Vipimo hivi viwili havina budi kupanda pamoja.

4.4 Mwanga wa kujazia

Kipimo cha nne ni masalio ya enzi zilizotangulia: kiasi kimoja cha mwanga kinachoongezwa kila mahali ili uvuli usiwe mweusi. Mwanga huu hauna upande utokako, kwa hiyo hauwezi kuonyesha umbo. Chini ya mwembe, upande wa chini wa tawi na upande wake wa juu hupata kiasi kilekile, na mti huonekana kama karatasi iliyokatwa. Kwa kuwa uangazaji jumuishi hujaza uvuli kwa njia ya haki, kipimo hiki chapaswa kuwa sifuri. Anayekiacha kikiendelea kufanya kazi huhesabu mwanga mara mbili.

5.0 TABORA KAMA JARIBIO

5.1 Ardhi na rangi

Katika uvuli ulio wazi, mwanga mwingi hutoka mbinguni, nao una asili ya buluu. Ardhi iliyo juani nayo huakisi mwanga kuelekea juu, na ardhi nyekundu huutia wekundu. Tuchukue udongo unaoakisi asilimia 40 ya mwanga mwekundu na asilimia 15 ya mwanga wa buluu. Baada ya mwakisiko mmoja, nyekundu huizidi buluu mara 2.7 hivi. Baada ya miakisiko miwili huizidi mara 7. Hii ndiyo sababu ndani ya nyumba ya udongo rangi huwa nzito kuliko rangi ya udongo huohuo ulio juani. Msawiri asiijue sababu hii ataupaka ukuta rangi nyekundu zaidi ili upendeze, kisha programu itauongezea wekundu mara ya pili.

Majira nayo yana neno. Miyombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha kabla ya mvua kuanza huchipua majani machanga, mengi yakiwa na rangi ya shaba. Jani huupitisha mwanga pia, mbali ya kuuakisi. Programu isiyoambiwa hivyo huufanya msitu uonekane kama umechongwa kwa bati.

5.2 Jua na saa

Programu nyingi humwomba msawiri aingize tarehe, saa na mahali, kisha huliweka jua zenyewe. Hapo pana mtego. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Tabora iko karibu na digrii 33. Kwa hiyo, kwa wastani, jua hufika kileleni Tabora dakika 49 hivi baada ya saa sita mchana. Mtu wa karne ya 19 aliyeishi kwa kulitazama jua hakuwa na tofauti hiyo. Saa sita yake ilikuwa jua la utosini. Msawiri anayesoma katika maandishi ya zamani kwamba jambo fulani lilitokea adhuhuri, akaiandikia kompyuta saa sita kamili, amekwisha kukosea kivuli.

Aidha, jua hupita utosini Tabora mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba. Mwishoni mwa Juni, adhuhuri, jua huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha digrii 62 hivi, na mti wa meta 10 hutoa kivuli cha meta 5.4 kuelekea kusini. Kingo za kivuli hazikatiki kama kwa kisu. Kwa kuwa jua lina upana wa nusu digrii angani, kivuli kilicho umbali wa meta 10 kutoka kwenye tawi huwa na ukingo laini wa sentimeta 9 hivi. Jua la programu likifanywa nukta isiyo na upana, ulaini huo hupotea.

5.3 Msafara na mwelekeo wa kivuli

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kuandika makala haya. Picha za misafara, za mkono na za kompyuta, hupenda machweo: mstari wa wapagazi, mizigo kichwani, jua jekundu nyuma yao. Picha hizo hupendeza, lakini desturi ya safari haikuwa hivyo. Misafara ilikuwa ikiondoka alfajiri na mapema, na kwa kawaida ilipiga kambi kabla au karibu ya adhuhuri ili kuepa joto. Wakati wa machweo watu walikuwa kambini wakipika. Mwanga wa kweli wa mwendo, basi, ni mwanga wa asubuhi.

Hoja hii yaweza kusogezwa mbele zaidi. Njia ya kati ilielekea kwa jumla magharibi. Asubuhi jua liko mashariki. Kwa hiyo mpagazi aliyetoka pwani kwenda bara alipigwa na jua mgongoni, na kivuli chake kilimtangulia. Aliyetoka bara kwenda pwani, akiwa na pembe begani au mnyororo shingoni, alitembea jua likiwa machoni mwake, na kivuli chake kilimfuata. Saa mbili hivi baada ya mapambazuko, jua likiwa kwenye kimo cha karibu digrii 30, urefu wa kivuli hicho ulikuwa takriban mara 1.7 ya kimo cha mtu. Hivyo basi kivuli peke yake chaweza kumwambia mtazamaji kama msafara unaelekea bara ukiwa na nguo na shanga, au unashuka pwani ukiwa na watu. Msawiri akiligeuza jua ili picha ipendeze, ameugeuza msafara.

Kuna pia suala la nani aonekane. Jua likiwa nyuma ya watu na uangazaji jumuishi ukiwa umezimwa, nyuso zote huwa nyeusi, na watu hugeuka kuwa maumbo yasiyo na sura. Katika nyika ya kiangazi haikuwa hivyo: ardhi kavu huakisi mwanga wa kutosha kuzionyesha nyuso kutoka chini. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wenye majina, mishahara na sifa ya kazi. Mateka nao walikuwa na majina, ingawa machache tu yaliandikwa. Kuwaacha wote kuwa vivuli ni uchaguzi, hata kama msawiri hakujua kwamba amechagua.

6.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba vipimo vya uangazaji jumuishi vinaweza kueleweka kwa kuuliza maswali machache: mwanga unatoka wapi, unaakisiwa mara ngapi kabla ya kufifia, gunia limechomwa mara ngapi, na vituo vya kukisia vimekaa karibu kiasi gani. Majibu hayalingani kila mahali. Tembe la Kwihara haliangazwi kama nyumba ya Bagamoyo, wala asubuhi ya Juni si sawa na adhuhuri ya Oktoba.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila picha ya kihistoria iliyosawiriwa kwa kompyuta iambatane na maelezo mafupi ya tarehe, saa, mahali na mwelekeo wa jua vilivyotumika, pamoja na sababu za uchaguzi huo, ili msomaji aweze kuihoji picha kama anavyolihoji andiko. Pili, istilahi za taaluma hii zijadiliwe na wanaisimu kwa pamoja na wasawiri, kabla mazoea hayajatuamulia. Tofauti ya kivuli na uvuli ni mfano mmoja wa utajiri tulio nao tayari. Mwanafunzi akielewa kwa nini mtu aketiye chini ya mwembe anaweza kusoma barua, sehemu kubwa ya nadharia atakuwa amekwisha kuielewa.